Aliyezifunga Skrubu kwa Rangi Nyekundu

Baba Rehema,

Salamu nakupa kila alfajiri baada ya kuswali, na dua nakuombea, hilo naamini linakufikia. Lakini dua si mahali pa kumhoji mtu. Naanza vizuri, namwomba Mola akupanulie kaburi, kisha mawazo yanakwenda kombo na najikuta nauliza: na kule Kerege ulikuwa unafuata nini? Nikaona haya. Nisije nikachanganya ibada na kesi. Ndiyo maana leo nimechukua karatasi na kalamu ya Rehema, nimekaa uani, nakuandikia.

Bado nipo ndani ya eda. Sitoki, sijipambi, manukato sigusi, nguo ni hizi nyeupe. Rehema amemwomba ruhusa mumewe huko Chalinze amekuja kukaa na mimi, na ananipikia uji mwepesi mno, nadhani anaogopa nikishiba nitaanza kulia. Karakana yako pale barazani haijafungwa. Shabani ndiye anaisimamia. Mdogo wako huyo, nisimseme vibaya, anajitahidi, ila redio sasa inapigwa kwa sauti mpaka skrubu zinacheza zenyewe kwenye kopo. Lile benchi lako amelisogeza kwenye kivuli. Nilimwambia alirudishe, akalirudisha, kesho yake likawa kivulini tena. Nimeacha.

Pikipiki yako nimeiingiza uani, nimeiegesha karibu na mlango wa jikoni, na funguo nalala nazo. Unanijua. Hata matanga hayajaanuliwa, alishakuja mtu kuuliza inauzwa kiasi gani. Wa pili akaja akasema ulimwahidi. Nikamuuliza alipoahidiwa palikuwa wapi na ulivaa shati gani. Akaaga.

Uliniita Inspekta, na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini ndivyo nilivyoumbwa. Siku ile uliyoanguka pale barazani baada ya alasiri, spana mkononi, watu wanakupakia kwenye bajaji kukukimbiza hospitali, mimi macho yalikuwa kwenye bilauri ya ukwaju uliyoletewa na mteja. Niliificha chini ya ungo, nikanuia ikapimwe. Daktari alipotuambia ni presha, tena ya siku nyingi isiyotibiwa, sikumwamini. Wewe na presha wapi na wapi? Mtu anayepandisha mzinga wa injini mezani peke yake? Nikarudi nyumbani nikakuta Rehema ameshaosha bilauri. Nikamshuku hata Rehema.

Mwanamke mmoja pale matangani, sitaki kumtaja, alisema kwa sauti ya chini, lakini nikamsikia: "Mficha maradhi kifo humuumbua." Nikadhani ananipiga kijembe. Nikauliza moyoni, maradhi gani aliyoyaona yeye nisiyoyaona mimi ninayelala naye? Nikamwekea alama.

Sasa nikwambie kilichonifanya nichukue kalamu.

Shabani alitaka kwenda Saadani, kuna watu kule wana pikipiki mbili zimelala. Akaniomba yako. Nikampa kwa shingo upande. Akaitoa mpaka pale uchochoroni, mara akarudi anaisukuma. Akasema breki ya mbele haishiki, ukikibana kishikio kinazama mpaka kinagusa usukani. Akasema ni mafuta ya breki, yamechoka au yameingia hewa, lazima afungue kile kikopo juu ya usukani ayabadilishe. Akainama juu ya usukani hapa uani na bisibisi yake, Rehema anachambua mchele, mimi nimekaa kwenye mkeka nikimwangalia mikono asije akaiba kitu.

Akanyamaza. Shabani kunyamaza ni jambo kubwa, unajua. Kisha akasema, "Shemeji, hizi skrubu nani kazifunga?" Na hapo hapo nikamwona anajuta kusema. Akasema hapana, si kitu, atakuja kufungua siku nyingine, leo hana bisibisi nzuri. Akaondoka haraka, na kamba za sendo zake hakuzifunga.

Nikainuka nikaenda kutazama mwenyewe. Kifuniko cha kikopo kina skrubu mbili, na juu ya vichwa vya skrubu zote mbili kulikuwa na tone la rangi ya kucha. Nyekundu.

Mtu mwingine angesema, rangi tu. Lakini mimi na wewe tunajua habari ya rangi. Rangi ya kucha ilikuwa yangu. Mimi kwa sababu ya udhu nilikuwa sipaki ila siku nisizoswali, ikiangukia harusi, kwa hiyo chupa moja inanikalia mpaka inaganda. Wewe ukaanza kuiiba. Kila skrubu ya breki uliyoifunga uliiwekea tone juu ya kichwa, likishika kichwa na kifuniko pamoja. Ulikuwa ukimwambia mteja: tone likipasuka, ujue skrubu imezunguka, njoo haraka. Na ukimwambia pia: rangi hii ukiiona, ujue ni mkono wangu. Zambarau. Mji mzima ukajua zambarau ni wewe. Yule fundi wa stendi akaiga, akachukua kijani. Wa kule sokoni akachukua nyeupe. Mimi nikawa natafuta chupa yangu kabatini naikuta kwenye sanduku la spana, shingo yake nyeusi kwa oili, brashi imekakamaa. Tuligombana kwa ajili hiyo, tukacheka kwa ajili hiyo.

Nyekundu si ya fundi yeyote wa hapa. Na mimi nyekundu sijawahi kununua, ulisema inanifanya nionekane nimetoka kuchinja kuku.

Basi nilikaa chini, Baba Rehema, pale pale kwenye sakafu. Kwa sababu hapo ndipo yote yalipokuja pamoja. Zile Alhamisi zako za Kerege. "Nakwenda kuchukua vipuri." Nikikuuliza vipuri gani visivyopatikana Bagamoyo, unasema vipo, ila vya kule ni bora. Unaondoka na mfuko una uzito, unarudi na mfuko una uzito, na mimi sijaona fundi anayepeleka vipuri anapokwenda kununua vipuri. Unarudi vifungo vya shati vimekosewa, cha juu kimeingia tundu la chini yake. Nani alilifungua? Unarudi unanuka kitunguu saumu, nami sijakipika. Nikajisemea, kuna mtu anapikiwa biriani huko. Na simu. Ulikuwa unaniandikia meseji, hata ya neno moja, "nakuja." Ukaacha. Ukawa unapiga tu, tena unatoka nje kupiga.

Wanawake wa hapa wote tunaijua habari hii. Mume anakufa, siku ya arobaini anakuja mwanamke amejitanda, ameshika mtoto mkono, na mtoto ana pua ya marehemu. Nimewahi kukaa kwenye shughuli kama hiyo, nimemwona mwenye msiba anavyobaki na sahani mkononi. Nilipoona rangi ile nikasema, haya, zamu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndoa ya pili ni halali yako, sikatai. Si hilo lililonichoma. Nilichotaka kujua ni kwamba huyu ninayemlilia, nimevaa nyeupe kwa ajili yake, ni yule ninayemjua au ni mwingine. Sikuweza kulia tena. Machozi yalikuwa yanafika kwenye kope yanasimama, yananiuliza, unamlilia nani? Usiku nikawa sipati usingizi, na mchana naitazama pikipiki kama inayotaka kusema.

Na jambo la pili, ambalo Shabani alilihisi kabla yangu, skrubu zilipomgomea. Nilipoikwangua rangi kwa ukucha nikaona kwenye ukingo wa skrubu kitu kimekauka, kigumu. Gundi. Ile gundi ya bolti ya kichupa kidogo, uliyoitia kwenye bolti za diski peke yake, kwa ajili ya barabara za huko Saadani zinazotikisa pikipiki mpaka inasahau jina lake. Kwenye kikopo hukutia hata siku moja. Nimekaa pembeni yako na birika langu la chai miaka yote, nimekusikia ukiwafundisha vijana: bolti za diski ni ndoa, tia gundi; skrubu za kikopo ni mlango, kila siku watu wanaingia na kutoka, mtu hapigi zege mlango wake. Kwa hiyo aliyezifunga hizi si wewe, tena ni mtu aliyetaka zisifunguliwe. Kwa nini? Kuna nini ndani?

Nilisubiri Rehema aende sokoni. Nikawasha jiko la mkaa hapa uani.

Nisingemwita fundi yeyote. Mafundi ni watu wa kuongea, na wewe ulikuwa hivyo. Nikachukua vifaa vyako. Nikaloweka kitambaa maji nikakizungushia chini ya kikopo, kwa sababu mafuta ya breki yakimwagika yanakula rangi ya tangi, hilo ulilipigia kelele sana. Nikasafisha vichwa vya skrubu kwa sindano mpaka ile nyota ikaonekana yote. Nikachukua kile kipande chako cha nondo kilichochongoka, nikakiweka ncha kwenye mkaa. Si moto wenyewe, uliwaambia vijana, moto usisogezwe kwenye mafuta; ni joto la chuma tu, liishike skrubu mpaka gundi ilainike. Nikaiweka ncha juu ya skrubu ya kwanza. Nikasubiri mpaka nikasikia harufu ile chungu. Nikaweka bisibisi, nikaigonga kwa nyundo, si kwa hasira, kuiamsha tu. Kisha nikakumbuka: kaza kwanza kidogo, ndipo ulegeze. Nikakaza, nikalegeza. Ikalia, ikazunguka. Nyuzi zake zilikuwa zimejaa unga wa gundi, na mimi nikafurahi kama mwizi aliyefungua kabati.

Ya pili ikanishinda. Nilikuwa na haraka, nasikia kama Rehema anarudi. Sikuisubiri ipate joto. Bisibisi ikaruka, nikairudisha, ikaruka tena, na nikaona nyota imeanza kuwa duara. Hapo nikakusikia kabisa: "Kichwa kikianza kuliwa, weka bisibisi chini ukanywe maji." Nikaweka chini. Nikaenda kunywa maji, nikalia kidogo mbele ya mtungi, kwa hasira, maana hata ukiwa umekufa unanipangia.

Jioni nikamwita Shabani. Nikamwambia, mwite aliyezifunga. Akaanza kujitia hajui. Nikamwambia, shemeji, huyo mwenye rangi nyekundu, na usinilazimishe nimtafute mwenyewe nikitoka eda, maana nikitoka nitatoka na sauti. Akatazama chini. Akasema taratibu, "Kaka alikuwa na binti Kerege. Mimi niliwaona tu, sikuuliza. Nilisema ni mambo yake, nimsitiri." Basi, Baba Rehema. Ndugu yako alijua, au alidhani anajua, na akakusitiri mbele yangu huku anakula mihogo yangu.

Siku aliyokuja nilijiandaa. Nilivaa kanga nyeupe iliyopigwa pasi. Niliamua sitamfokea. Niliamua nitamtazama tumbo kwanza, kisha mikono, kisha nitamuuliza mahari ilikuwa nini.

Akaingia kwa mlango wa nyuma, mtandio kichwani, kifurushi kwapani. Umri wa Rehema, pengine chini yake. Akainama, "Shikamoo mama." Nikachelewa kuitikia. Nikasema moyoni, mke mdogo mwenye adabu, hao ndio hatari. "Marahaba." Tumbo hakuna. Nikatazama mikono, nikitafuta kucha nyekundu. Kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama, na pembeni zina weusi wa oili usiotoka kwa sabuni. Nimeishi na mikono ya namna ile miaka yote. Akafungua kifurushi, ni kanga kuukuu imefunga bisibisi na nyundo ndogo.

Akatoa pole, akasema jina lake Zuhura. Nikamwonyesha pikipiki, nikamwambia, fungua.

Akaitazama skrubu iliyoliwa, akanitazama mimi, hakuuliza nani kaila. Akaomba moto. Akaiweka nondo, na wakati anasubiri, midomo yake inacheza bila sauti, kama wewe ulivyokuwa unasoma Fatiha kupima muda, usije ukaitoa nondo mapema. Akakata kipande chembamba cha tyubu, akakiweka juu ya kile kichwa kilicholiwa, akakandamizia bisibisi juu yake ili meno yapate pa kushika. Kisha akasema chini chini, "Toka mwanangu, kwenu si hapa."

Hapo ndipo nilipoumia kuliko wakati wowote tangu ulipoondoka. Maneno yale ni yako. Uliyasema kwa kila skrubu iliyokukatalia, na mimi nilikuwa nikidhani nayajua peke yangu. Skrubu ikatoka. Sikuitazama. Nikamuuliza, "Wewe ni nani kwa mume wangu?"

Akashtuka. Akasema, "Mimi fundi, mama. Alinifundisha." Nikamwambia fundi yupi wa kike anafundishwa kila Alhamisi kwa siri. Akaweka bisibisi chini, akaanza kulia, na akalia kama mtoto wa mtu, si kama mwanamke wa mtu. Ndipo akasema yote.

Kwamba ulimkuta pembeni ya barabara Kerege, na kibanda chake cha kuziba pancha za baiskeli, ukamfundisha breki. Kwamba baadaye ukawa unakwenda na mfuko, na ndani ya mfuko ni breki za wateja wako, unazifungua hapa nusu, unampelekea kule azimalize. Kwamba mkono wako wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Ganzi ilianza kwenye vidole, ikapanda. Skrubu unaiona, bisibisi unaishika, lakini huijui kama imeingia au haijaingia. Alikuuliza kwa nini usimwachie Shabani. Ukamwambia mdomo wa Shabani haufungiki hata kwa gundi ya bolti.

Na hizi skrubu mbili? Akasema siku moja ulifika Kerege umetota jasho. Ulikuwa umefungua kikopo mwenyewe asubuhi, hapa nyumbani, ukakifunga, na kule njiani skrubu moja ikatoka ikaanguka, mafuta yakavuja, ukasimama kwa breki ya nyuma peke yake, hatua chache tu kutoka kwenye lori. Akakufungia upya. Akataka kuziacha bila gundi, kama ulivyomfundisha. Ukamkatalia. Ukamwambia, na haya ni maneno yako, nilimfanya ayarudie: "Tia gundi, Zuhura, ili mkono wangu huu usijaribu tena."

Nikaketi.

Kumbe hata wewe ulikuwa na mtu unayemshuku, na ulikuwa unatembea naye kwenye mkono wa shati.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema ulikuwa ukimwambia, "Mama Rehema akijua, kesho nimelazwa, keshokutwa karakana imefungwa." Ni kweli. Ningefanya hivyo hivyo. Ningekulaza hata kwa kukufunga kamba, na sasa ungekuwa hapa unanuna, unadai funguo. Ningependa sana uwe hapa unanuna. Nikamuuliza, na wewe binti, hukumwambia aende hospitali? Akasema ulimwapia unakwenda, kwamba dawa unazo, unazinywa nyumbani. Kumbe dawa yenyewe ni kitunguu saumu, unatafuna njiani mpaka unanuka. Umetudanganya wanawake wawili sawa sawa, Baba Rehema, kama vile kweli ulikuwa na wake wawili. Uadilifu huo nimeuona.

Lakini acha nikueleze kinachonikosesha raha, maana nikikificha nitakuwa kama wewe. Nilikukagua shati, simu, mfuko, harufu. Vifungo vilivyokosewa niliviona kila Alhamisi, nikatafuta mwanamke aliyevifungua, sikutafuta vidole vilivyoshindwa kuvifunga. Siku ya harusi ya mtoto wa jirani, unakumbuka, nilikuletea chupa ya zambarau na mkono wangu, nikakwambia nipake. Ulikuwa unanipaka tangu tukiwa wachumba, na hukuwahi kuvuka ukingo wa ukucha, mkono umezoea vichwa vya skrubu. Siku ile ukasema una kazi. Huna kazi yoyote, umekaa. Nikakununia wiki nzima, nikasema anampaka mwingine. Na wewe ukaniacha nikuwazie ubaya huo, ilimradi nisiutazame mkono wako. Uliona afadhali nikudhanie uzinzi kuliko nikudhanie ugonjwa. Hilo sijui nikusamehe vipi. Nitakusamehe, lakini usinihimize.

Usiku ule ndipo machozi yakatoka, na nikajua ninamlilia nani. Ni wewe yule yule. Mbishi, mwongo wa mambo madogo, mwenye kiburi cha mikono.

Kazi tuliimaliza. Zuhura aliyatoa mafuta ya zamani, meusi kama kahawa, akatia mapya, akabana na kuachia kishikio mpaka hewa ikaisha. Ndani ya kikopo hakukuwa na siri yoyote. Akatafuta skrubu mpya kwenye kopo lako, akazifunga kwa kipimo cha mkono tu, bila gundi. Kisha akaniuliza kwa woga, "Mama, ile rangi yako ipo?" Nikafikiri kidogo kuhusu eda. Rehema naye akafikiri, ndiye aliyesoma madrasa mpaka mwisho. Tukaafikiana kwamba mjane amekatazwa kujipamba, pikipiki haikutajwa. Nikaileta chupa, imeganda, Zuhura akaizungusha kwenye maji ya moto mpaka ikalainika. Akanipa brashi. Tone la kwanza nimeliweka mimi, limevuka kidogo. La pili nimemwachia yeye, na nimemwambia hiyo nyekundu aiache Kerege, akifanya kazi hapa atumie ya hapa. Maana atafanya kazi hapa. Shabani nimeshamwambia. Alisema ni sawa, kisha akasema, lakini shemeji watu watasema nini, binti karakanani. Nikamwambia wewe uliyenyamaza wakati wa kusema, sasa unasema wakati wa kunyamaza.

Na yule mwanamke wa pale matangani nimemfutia alama yake. Alikuona, nadhani, siku moja pale dukani ukiokota sarafu kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nyumbani nanusa shati.

Usidhani nimepona tabia. Nimeihamisha tu. Sasa nikipeana salamu na mtu namtazama vidole. Shabani jana aliangusha kikombe, nikamfukuza akapimwe presha kabla hajaokota vigae. Amerudi amenuna, amesema iko sawa, nikamwambia alete karatasi. Rehema naye ananiandalia chai kwa mkono wa kushoto na namvizia, ingawa anasema amezaliwa hivyo, na ni kweli amezaliwa hivyo, mimi ndiye niliyemzaa.

Basi, Baba Rehema, nikuache upumzike. Eda ikiisha nitakuja hapo kaburini, nitasimama kwa mbali kama inavyotakiwa, sitakuuliza tena habari za Kerege. Wateja wako nitawaangalia, na hakuna breki itakayotoka barazani kwako imefungwa na mkono unaojificha, hilo nakuahidi. Zuhura nitamlea kama mwenetu, nikimchunguza kidogo.

Na siku tutakapokutana huko, Mola akijaalia, usinikimbilie kwa salamu na maneno matamu. Nitataka kwanza unyooshe mikono yote miwili niitazame.

Mimi mkeo,
Mama Rehema